Nilivyofanya mazoezi ya kutembelea jumba kubwa la sanaa Ulaya kwenye mikorosho ya bibi, Newala

Wakuu, habari za mchana.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijazitoa. Uzi huu nimeufuta mara nne kabla ya kuubandika, maana kila nikiusoma naona sentensi ambayo ingekaa vizuri zaidi. Leo nimeamua uende hivi hivi.

Mnijue kidogo kwanza. Ni binti wa miaka ishirini na sita, naishi Masasi, kazi yangu ni kuandika mabango. Saluni, magenge, vibao vya shule, ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa, yote hayo nafanya. Sijasomea popote. Nimejifunza kwa kuangalia, kwa simu, na kwa kuharibu mabati ya watu.

Ugonjwa wangu ni kwamba herufi ikipinda hata kidogo, chakula hakishuki. Kuna kibao nilichoandika cha duka la dawa za mikorosho pale Nanganga, herufi S imelala kidogo. Mwenye duka alishashukuru na mambo yakaisha. Mimi nikipita pale kwa pikipiki nageuzia uso upande wa pili. Mwaka wa tatu huu.

Sasa, mwaka jana nilichaguliwa kwenda semina ya waandika mabango kwenye mji mmoja wa Ulaya. Mji siutaji. (Na msije PM kuniuliza habari za viza, waandaaji ndio waliohangaika nayo.) Zilikuwa siku kumi za kazi, na ndani yake asubuhi moja tu ya mapumziko. Jumatano, saa tatu hadi saa saba na nusu, baada ya hapo treni.

Na mji huo una jumba la sanaa ambalo hata asiyejua sanaa amelisikia. Picha nilizojifunzia kuchanganya rangi, nikiziangalia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, zenyewe ziko mle ndani.

Nikajiambia, asubuhi moja, na huenda sitarudi tena maishani. Kwa hiyo sikosei.

Nilianza kupanga miezi saba kabla.

Nilichapisha ramani ya jumba lile steshenari, kurasa sita, nikazigundisha kwa gundi ukutani. Nikachagua kazi arobaini na moja. Nikazipa dakika: za kawaida mbili, kubwa nne, ile maarufu kuliko zote sita. Nikaandika ngazi ipi nipande, choo kiko wapi, begi naacha wapi.

Tatizo likaja kwenye kutembea. Ramani haikuambii miguu inachukua muda gani. Nilikosa usingizi kwa ajili ya hilo, nisiwadanganye.

Ndipo nikakumbuka mikorosho ya bibi.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Newala. Marehemu babu aliipanda mikorosho yake kwa kamba, safu zimenyooka, na kati ya mti na mti unaweza kupima kwa hatua. Ukumbi mrefu wa jumba lile, kwa vipimo vyao, ulitosha kuanzia jiko la bibi hadi mpaka wa shamba. Kila mkorosho ukawa chumba, na kila chumba nikakipa kazi yake kutoka kwenye orodha.

Nilichana kanga kuukuu vipande, nikaandika namba kwa rangi, nikafunga kila shina namba yake. Nikashika simu yenye saa na kuanza kutembea. Nasimama mbele ya mti dakika mbili, naenda mti mwingine, nasimama. Siku mbili mfululizo.

Sikufikiria watu wa nje wanaona nini.

Wale wa mikoa mingine niwaeleze. Huku kwetu mkorosho ukifungwa kitambaa chenye namba, watu wanaelewa umekodishwa. Mwenye shamba ameutoa kwa msimu, na anayechukua ameweka alama zake ili wavunaji wasichanganye. Mimi nimezaliwa na jambo hilo, nalijua kabisa, lakini kichwa changu kilikuwa Ulaya.

Siku ya tatu mjomba akafika kwa pikipiki, mbio, vumbi hadi kwenye kope. Ndiye mtoto mkubwa wa bibi, na kwetu mambo ya shamba hayasogei bila mjomba. Jirani alikuwa amempigia simu yuko mnadani Lisekese.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani amekodishiwa mikorosho ya mama?"

"Hakuna, mjomba."

"Namba hizi?"

"Hivi ni vyumba." Nikaona macho yake, nikazidi kuharibu. "Huu ni chumba cha saba. Sanamu za Wagiriki."

Akauangalia mkorosho, akaniangalia mimi.

"Hao Wagiriki wanataka korosho?"

Bibi alikuwa kibarazani anabangua korosho, akacheka hadi kanga ikamdondoka begani. "Mwache mpwa wako, Saidi. Anatembea Ulaya."

"Anatembea Ulaya na kijiji kizima kinajua tumekodisha!"

"Basi na mimi nataka kutembea," bibi akasema, akanyanyuka.

Wakuu, hapo ndipo mpango wangu ulipoanza kuvurugika.

Nilimtembeza bibi. Kila mkorosho namfungulia picha yake kwenye simu. Mjomba akawa nyuma yetu, amekunja mikono, hataki kuonekana anafuata. Mwanamke wa kwenye ile picha maarufu bibi alimwangalia kidogo tu, akauliza kama ana meno. Kuhusu mfalme mmoja aliyepakwa dhahabu, bibi akasema huyo hajawahi kupalilia.

Mti wa thelathini na tatu ulikuwa wa sanamu ndogo ya mti mweusi, mwanamke amesimama. Maelezo ya tovuti yalikuwa mstari mmoja: pwani ya kusini mashariki ya Afrika, mchongaji hajulikani. Nilikuwa nimempa dakika mbili, na nilimweka kwenye orodha kwa sababu ya uso. Usoni alikuwa na nembo, mistari ya chale iliyopindwa kama pembe inayofuatana, na ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu.

Bibi yangu ana nembo hizo. Alichanjwa akiwa msichana, kwa kisu kidogo na masizi ya mbegu za nyonyo. Ndonya aliivua zamani lakini tundu lipo. Nimemchora bibi mara nyingi kuliko kitu chochote duniani.

Akaichukua simu. Akaiangalia sana. Halafu akaigeuza, akaangalia nyuma yake, akanirudishia.

"Mgongo wake uko wapi?"

Nikatabasamu.

"Usinicheke, najua simu haina mgongo. Nakuuliza huyu. Mgongoni ana nini?"

Akanieleza kwa Kimakonde, taratibu, na mjomba akasogea mbali kidogo kwa adabu. Nembo za usoni ni za watu wote kuona. Za mgongoni na tumboni zilikuwa za ndani, wanazijua wenyewe na wenzao. Mchongaji aliyechonga kwa ajili ya wageni aliishia usoni, mgongo akauacha mtupu. Aliyemchonga mtu anayemjua alimalizia nyuma.

"Ukifika, zunguka. Uje uniambie huyu ni mtu au ni bidhaa."

Hakuwahi kuniomba kitu bibi yangu. Hata sukari haniombi.

Nikarudi Masasi na swali hilo. Picha ya tovuti ilikuwa ya mbele tu. Kama sanamu imegandamizwa ukutani, je? Nikaandika barua pepe kwa jumba lile kuuliza kama anaonekana kwa nyuma. Barua ya mistari mitano, niliiandika mara kumi na moja. Nilihofia wakiona Kiingereza changu watacheka.

Jibu likaja baada ya siku tisa. Sanamu hiyo haipo kwenye maonyesho. Ipo stoo. Anayetaka kuiona aombe mapema kwa fomu.

Fomu ilikuwa na kisanduku: taasisi unayotoka. Mimi sina taasisi. Nina brashi na ngazi ya kuazima. Kisanduku kile kilinikalia siku tatu, na nilikaribia kuacha kabisa, maana niliona ni cha maprofesa. Siku ya nne nikajaza. Taasisi: mjukuu. Sababu ya maombi: bibi yangu anauliza mgongoni kuna nini.

Nikabonyeza tuma kabla sijajisoma tena. Mnaonijua mtaelewa hicho ni kitendo kikubwa kiasi gani kwangu.

Wakanikubalia. Lakini nafasi waliyokuwa nayo wiki hiyo ilikuwa moja: Jumatano, saa nne hadi saa sita. Na stoo yenyewe haipo kwenye jengo lile, ipo ng'ambo ya mji. Ukihesabu kwenda na kurudi, asubuhi yangu yote imekwisha.

Yaani nimchague yeye mmoja, au wale arobaini.

Nilihangaika na hili juma zima. Nilitengeneza jedwali jipya, nikajaribu kuiba dakika huku na kule, haikuwezekana. Mwisho nikapanda Newala, nikaenda shambani, nikaanza kufungua vitambaa. Mjomba alikuwa anapulizia mikorosho dawa ya salfa upande wa pili. Akaja, akafungua namba saba kwa mkono wake.

"Wagiriki wamehama?"

"Wamehama, mjomba."

Tulibakiza kimoja tu, cha thelathini na tatu.

Siku yenyewe nilifika kwenye lango la stoo dakika hamsini kabla, nikasimama nje kwenye baridi. Newala kuna baridi lakini ile ni nyingine.

Mama mmoja mtu mzima akanipokea. Akaniambia masharti: kupiga picha hakuruhusiwi, kalamu ya wino hairuhusiwi. Penseli ruksa. Nikatoa penseli na ufutio wangu. Akautikisia kichwa ufutio. Vumbi lake linaingia kwenye vitu.

Wakuu, mimi sijawahi kuchora bila ufutio maishani mwangu.

Akaleta sanamu kwenye trei. Ni ndogo, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Nilimwangalia usoni, na alikuwa anafanana na watu ninaowasalimia kila siku. Halafu nikamwomba yule mama, kwa Kiingereza changu hicho hicho, amgeuze. Akavaa glavu, akamgeuza polepole.

Mgongo ulikuwa umejaa.

Kuanzia mabegani hadi kiunoni, pembe juu ya pembe, na katikati safu ya vidoti. Chini kabisa, mahali ambapo nguo ingefunika, kulikuwa na mjusi mdogo. Hakuna mgeni ambaye angemwomba mchongaji ahangaike hadi pale.

Nikachora. Mstari wa nne kutoka juu penseli iliruka, ikatoka nje, na hakukuwa na namna ya kuufuta. Kawaida ningechana karatasi. Nilikuwa na karatasi nyingine, lakini muda wa kuanza upya haukuwepo. Nikaendelea na kosa langu likiniangalia, hadi mjusi.

Lile jumba lenyewe nililiona kutoka kwenye dirisha la basi nikiwahi treni. Ni kubwa kuliko shamba la bibi.

Nimerudi, nikapanda Newala siku ya pili yake. Bibi yuko kibarazani pale pale. Nikampa karatasi. Aliishika karibu sana na macho, akafuata kila mstari kwa kidole, midomo inahesabu. Alipofika kwa mjusi akaguna.

"Huyu ni mtu," akasema. "Aliyemchonga alikuwa anamjua."

Halafu kidole kikarudi juu, mstari wa nne.

"Hapa?"

"Hapo ni mimi, bibi. Mkono uliruka. Ufutio ulikatazwa."

Akakishika kidole changu, akakiweka kwenye shavu lake la kushoto, chini ya jicho. Mstari mmoja wa nembo pale unaruka. Unapanda kidogo, halafu unarudi njiani. Naujua sana.

"Na hapa nilipiga chafya," akasema. "Aliyenichanja akanizaba kofi, akaendelea. Wewe kila ukinichora unaninyoosha. Nimekuwa nakuangalia tu. Yule wa kwenye karatasi zako sijui ni bibi wa nani."

Wakuu, ni kweli. Miaka yote nilidhani ule ni mstari mbaya, nikausahihisha. Nina michoro ya bibi zaidi ya thelathini nyumbani na hakuna hata mmoja wenye chafya yake.

Nilichojifunza siwezi kukipamba. Nilipanga miezi saba kuona vitu arobaini na moja bila kukosea, nikaona kimoja, nikakichora na kosa, na ndicho peke yake nilichoweza kumletea mtu aliyekuwa ananisubiri. Mpango bado naupenda, sitawadanganya kwamba nimepona. Ila sasa nikipanga safari naanza kwa kuuliza nani anataka kujua nini.

Juzi nimemchora bibi upya, kwa rangi, kwenye bati. Mstari wa shavuni nimeuacha uruke. Mjomba amelitundika kwenye ule mkorosho wa thelathini na tatu, na jirani ameshapiga simu kuuliza tumemkodishia nani.

Kama una bibi au mama mwenye nembo, awe Mmakonde, Mmakua au Myao, nenda ukamuulize nani alimchanja na siku hiyo kulitokea nini. Ukirudi, niandikie hapa chini alichokujibu. Nasoma zote. Na ukiona kosa la uandishi kwenye uzi huu, niambie, lakini sitalifuta.