Kubeba Kisu Kutoka Mjambere

Kijana wa rika langu akionekana mtaani kwetu Mjambere na kisu mkononi, watu hawaulizi anapika nini. Hilo lilininyima raha tangu mpishi mmoja wa biriani, rafiki wa marehemu baba, aliponikubali nijaribu kazi kwenye arusi huko Timbwani, ng'ambo ya feri. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimetuma maombi ya kazi kila mahali, na nimechoka kumwona mama akinitengea chai asubuhi bila kuniuliza chochote. Kazi hii niliitaka sana.

"Kila mtu kwangu huja na kisu chake," aliniambia mpishi huyo, ambaye tangu utotoni namwita ami. "Siazimi. Asiye nacho hurudi kwao, hata awe mwanangu."

Kisu alinipa mama, kipana, cha mpini wa mbao. Kazi ikawa kukifikisha. Kiunoni chini ya shati? Hivyo ndivyo wanavyobeba wale vijana wa magenge. Wazi ndani ya begi la mgongoni? Kingetoboa begi na kumfikia aliye nyuma yangu. Gazeti huloa jasho na kuchanika. Nilijaribu hata chupa ya chai, mpini ukabaki nje.

"Kitie mfukoni, wende," mama akasema.

"Mfuko gani?"

"Mfuko, mwanangu. Mfuko."

Mwishowe nilikata kadibodi ya katoni la sabuni, nikaikunja kwa umbo la kisu na kuishona ukingoni kwa mshipi wa kuvulia. Ikawa ala nzuri, kisu kikiingia hakichezi. Mtu mwingine angekomea hapo. Mimi nikawaza, je, kikichomoka? Nikazungusha tepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Je, ncha ikipenya? Nikaongeza taulo, na juu ya taulo tepu tena, mpaka ikaisha, kisha nikalitia furushi kwenye mfuko wa sokoni.

Kwenye ukaguzi wa feri, askari wa kike aliupapasa mfuko wangu akakutana na lile furushi.

"Nini hii?"

"Shikamoo, mama. Ni kisu cha kazi, naenda kupika biriani ya arusi Timbwani, mpishi mwenyewe alikuwa rafiki wa baba, na baba..."

"Marahaba. Nimeuliza nini hii, sikuuliza ukoo." Akalipima uzito mkononi. "Kisu kiko humu ndani?"

"Ndiyo."

"Basi pita. Huyo utakayetaka kumchoma atakuwa ashafika Ukunda hujamaliza kufungua."

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nami nikacheka, nikavuka nikiwa na furaha kubwa, bila kuyatafakari maneno yake. Ajabu, kwa kuwa mimi hutafakari kila kitu.

Timbwani, uani kwa wenye arusi, wapishi walikuwa wameshaketi kuzunguka magunia ya vitunguu. Ami akaniuliza kwa macho tu. Nikainua furushi langu, akaridhika, nikaketi. Nikatafuta mwanzo wa tepu. Joto lilikuwa limeiyeyusha ikashikamana yote. Nikatumia kucha, kisha meno. Mpishi mnene aliyekaa kando yangu, msemaji kuliko wote, alikuwa akinitazama.

"Wamvua au wamvisha huyo?"

"Kaka," nikamnong'oneza, "niazime kisu kidogo."

"Cha nini?"

"Cha kufungulia kisu."

Akakiweka chini kitunguu chake, akapaza sauti. "Ami, msomi aomba kisu cha kukatia kisu."

Kicheko kilichozuka kiliwatoa hata wanawake jikoni. Mimi nilikuwa naiona ile chai ya mama. Ami akaja, akanyoosha mkono, nikampa furushi.

"Umelifunga wewe?"

"Ndiyo, ami."

"Kwa nini?"

"Nilihofia kisije kikatoka."

"Kikatoka, kikaenda wapi?"

"Kwenye mgongo wa mtu."

Hakucheka. Akatoa kisu chake kwenye kitambaa kilichojaa matundu, akaanza kuchana tepu mwenyewe. Ikaanguka tepu, ikaanguka taulo, ikaanguka tepu nyingine. Ilipotokea ala, akasita. Akachomoa kisu, akakirudisha. Akaipindua ala na kuitikisa, kisu hakikuanguka. Akajaribu kutia chake, hakikuenea.

"Hii umenunua wapi?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Sasa tepu yote hii ya nini?"

Akanirudishia kisu changu. "Kata. Vyembamba, na vilingane."

Nikakata mpaka machozi yakanifika shingoni. Vyangu havikuwa vyembamba kama vya yule mnene, lakini vililingana, kwa sababu kila kimoja nilikipima kwa jicho kabla ya kukata.

Biriani ilipofunikwa, ami alichana katoni la mafuta ya kupikia, akalaza kisu chake juu yake na kukichora kwa kipande cha mkaa. Akanipa.

"Jumapili tuna arusi Changamwe. Uje na ala ya kisu hiki ikiwa imeshonwa."

"Inshallah, ami."

"Na changu?" yule mnene akauliza, tayari ameshika kipande chake cha kadibodi.

Niliondoka na michoro ya visu kwapani. Kisu changu kilikuwa ndani ya ala, juu kabisa mfukoni pamoja na aproni inayonuka vitunguu, ili yeyote atakayefungua aone jiko zima kwa pamoja. Kabla sijafika feri nilikuwa nimeanza kuwaza kama kadibodi ya mafuta ina ugumu wa ile ya sabuni.