Mfereji wa Bafuni kwa Mama Mkwe

Ignatius Andati ni fundi wa bomba mtaani Shieywe, na kwa miaka kumi na minne hajawahi kuogopa tangi. Anayemwogopa ni mama mkwe wake, Pascalia, aishiye peke yake huko Malinya. Si kwamba mama ni mkali. Ni heshima tu. Kwao mwanamume hapeani mkono na mama mkwe, hali naye meza moja, na chumba anacholala au kuogea mama huyo hata mlango wake haugusi.

Roda, mke wa Andati, ndiye aliyemchimbishia mama kisima na kumwekea pampu ya umeme, kwa sababu nyonga ya mama ilikuwa mbovu na njia ya mtoni ni mteremko mtupu. Kando ya pampu kulikuwa na tangi la presha, lile dogo la chuma ambalo ndani yake hewa huyasukuma maji. Mwezi Machi pampu ikaingiwa na wazimu: mtu akinawa mikono tu, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, dalili ya tangi lililoishiwa hewa. Roda akamtuma mumewe.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Unazima umeme, unafungua mfereji mpaka tangi liishiwe maji, ndipo unapima hewa kwa geji ya kupimia upepo wa magurudumu na kuongeza kwa pampu ya baiskeli. Maji yakibaki ndani, geji inakusomea nguvu ya maji nawe unadhani ni hewa. Andati amewacheka mafundi wenzake kwa kosa hilo miaka nenda miaka rudi.

Sasa tazama shetani alivyopanga mambo. Mfereji wa uani ulikuwa umeshikwa na kutu, haufunguki. Uliobaki ulikuwa bafuni, na mama alikuwa ndani ya nyumba. Kuingia, mwiko. Kumwomba aufungue yeye, basi ataje bafu la mama mkwe kwa kinywa chake? Mwanamume mzima, spana mkononi, akasimama uani akitokwa jasho kama mwizi wa kuku. Mwishowe akabandika geji kwenye tangi lililojaa. Ikasoma thelathini na nane. Akakaza skrubu moja ya swichi ili aonekane kafanya kitu, kisha akasema kupitia dirishani, "Iko sawa, mama. Hewa iko." Alijua anadanganya.

Pampu iliungua baada ya wiki tatu. Mama hakumwambia mtu. Habari ilikuja kwa jirani yake, Osiako, aliyempigia Roda simu kwamba mama ameteleza njiani akitoka mtoni na mtungi wa maji, na nyonga imevunjika. Hospitalini wakasema kwa umri wake hatatembea tena. Roda alilia mpaka chai ikamshinda kumeza. Hakumuuliza mumewe lolote, na hilo ndilo lililomkondesha Andati.

Mama aliporudishwa nyumbani, Andati alikwenda na pampu mpya. Mlangoni miguu ikagoma, lakini safari hii aliilazimisha. Akapita kando ya kitanda cha mama, akaingia bafuni, akafungua mfereji hadi tangi likaishiwa maji, akaufunga. Akatoka nje kupima. Geji ikasoma sifuri. Akajaza hewa mpaka ishirini na nane, akafunga pampu mpya na kuiwasha, kisha akarudi, akapiga magoti mlangoni pa chumba na kukiri yote: alivyopima vibaya, kwa nini, na kwamba alijua.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa walioficha walikuwa wawili.

"Nilikuwa nasikia tu ikiwaka na kuzima tangu ulipoondoka," mama akasema, uso ukutani. "Wiki tatu. Ningekupigia niseme nini, mkwe? Kwamba hujui kazi yako?"

Andati aliinuka, akapangusa vumbi magotini.

"Sasa niletee maji ya kunawa uso," mama akasema. "Siwezi kuyafikia."

Akaenda bafuni, akajaza beseni, akambebea hadi kitandani, machozi yakimtoka mbele ya mama mkwe wake.