Kupanga Msafara wa Theluji, na Mzee Niliyemwonea Haya

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya ngozi, vile vya kuendea msikitini Ijumaa. Nilikuwa mtu wa Tanga mwenye kidato cha nne, nimemfuata mke wangu Nomsa Johannesburg baada ya wazazi wake kurudi kwao kutoka uhamishoni Morogoro, na theluji nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Ofisi ilikuwa Marshalltown, juu ya duka la vitambaa. Meneja wa Safari, mama mwenye sauti ya chini na miwani iliyoning'inia kifuani, aliniangalia miguu kabla hajaniangalia uso.

"Unajua kazi yetu hapa, baba?"

"Kupeleka watu kuendesha pikipiki za theluji, madam."

"Kupeleka ni rahisi. Sisi tunalipwa kwa kuwarudisha. Na ukanunue viatu."

Mashine zenyewe zilikaa milimani Lesotho, kwenye ghala la mabati, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka mjini. Kwa ninyi ambao hamjaiona, pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kutelezea zinazofuata usukani, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno. Haina gia za kubadilisha kwa mguu. Mafuta unayatia kwa kidole gumba cha kulia. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtu akiogopa hukaza mkono, na akikaza mkono mashine inaruka mbele. Ndiyo maana kila mwendeshaji alifungwa kamba mkononi iliyoshikana na swichi. Akianguka, kamba inachomoka na injini inazima.

Aliyenifundisha haya ni Kiongozi Mkuu wa Misafara, Msotho mrefu tuliyemwita Ntate, yaani baba kwa lugha yake. Alikuwa na blanketi begani hata akiwa chini ya mashine na spana mkononi. Alinicheka miezi mitatu mizima kwa jinsi nilivyokuwa nikitembea kwenye theluji. "Hamisi, inua mguu! Humkanyagi mkweo!" Lakini kila jioni aliniwekea chai karibu na jiko, akahakikisha soksi zangu zimekauka, na sikuwahi kumsikia akimfokea mgeni.

Kwa Ntate, kupanga msafara kulianza mjini, kwa simu. Theluji ya kule haikai; ikianguka una siku tatu, pengine nne. Kwa hiyo orodha ya watu lazima iwe tayari kabla. Jambo la kwanza ni pasi, kwa sababu unavuka mpaka, na wenzetu wengi Johannesburg wanaishi kwa karatasi za ukimbizi zisizovuka popote. Hili humuulizi mtu mbele ya wenzake. Unampigia akiwa peke yake, na kama hawezi kuja unasema nafasi zimejaa. Kisha unauliza habari za mgongo, magoti, pumzi, na kama mama ana mimba. Kisha nguo. Watu wa mitaa ya Alexandra na Bertrams wanaijua baridi ya Julai, lakini hawaijui baridi inayokupiga usoni ukiwa kwenye mwendo.

Jambo ambalo Ntate hakuliuliza kamwe ni kama mtu anajua kuendesha.

"Ukiuliza, mwanamume atakwambia anajua, na mwanamke atakwambia hajui," alisema. "Wote wawili wanakudanganya."

Badala yake alipanga mapipa sita nyuma ya ghala, na kila mtu aliyazunguka polepole, kama mtu anayetembea kwa miguu. Kwenda kasi si kipimo, maana hata mbuzi akisukumwa atateremka kasi. Anayeweza kuizungusha mashine nzito polepole bila kuzima wala kuruka, huyo ana mkono. Baada ya mapipa Ntate aligawa watu mafungu mawili. Wasio na mkono walipita njia ya bondeni, tambarare na ndefu. Wenye mkono walipanda mteremko tuliouita Mgongo. Katika kila fungu aliye dhaifu zaidi alikaa nyuma tu ya kiongozi, ili mwendo uwe wake, na wa mwisho kabisa alikuwa mfanyakazi wetu, tuliyemwita mkia. Kwenye Mgongo ilipanda mashine moja moja. Ukianza kupanda husimami, na wa nyuma haanzi mpaka wa mbele afike juu.

Ntate alipostaafu nilichukua nafasi yake. Naibu wangu akawa Furaha, mwanamke wa Bukavu aliyekuja kwetu kama fundi na akawa mwendeshaji bora kuliko mimi. Aliniita papa, kama kwao wanavyomwita mtu mzima. Alikuwa akisikiliza injini huku amefumba macho, na akikosea mtu kufunga kamba ya swichi alimtania mpaka fungu zima licheke, mwenyewe akiwemo. Nilipobakiza majira mawili ya baridi kustaafu, nilimwandikia Meneja kwamba Furaha ndiye awe Kiongozi Mkuu baada yangu. Meneja alikubali. Furaha alikuwa ameshaanza kuwatazama wageni kama wa kwake.

Majira hayo ndipo watu wetu, Waswahili wa Johannesburg, walipoomba msafara wao. Walikuwa kumi na wawili, wakiongozwa na Mzee Shomari. Huyu mzee alitupokea mimi na Nomsa tulipofika mjini na sanduku moja. Alitupa chumba Bertrams, akanitembeza kutafuta kazi, na mwanangu wa kwanza alipozaliwa ndiye aliyemwadhinia sikioni. Kwangu alikuwa baba.

Nyuma ya ghala, zamu yake ilipofika, aliyatazama mapipa akacheka.

"Hamisi, unizungushe mimi kama mtoto wa chekechea? Mimi nimeendesha pikipiki Dar wewe hujaota ndevu!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikasema, "Mzee, wewe pita tu."

Furaha alinivuta pembeni. "Papa, ule mzee hajapita ku mapipa."

"Namfahamu."

"Unamfahamu mtu. Mkono yake unaufahamu?"

"Furaha, yule ni baba yangu. Siwezi kumpeleka bondeni na wanaojifunza mbele ya watu wote."

Alivaa glavu zake. "Sawa. Njo wewe chef." Yaani mkubwa ndiye mimi.

Nilimpeleka Mgongo. Nilipanda wa kwanza, wengine wakafuata mmoja mmoja vizuri tu. Mzee Shomari alikuwa wa mwisho kabla ya mkia, ambaye siku hiyo alikuwa Furaha. Alifika katikati, akaogopa, akaachia mafuta na kusimama. Mashine ikaanza kurudi nyuma kiupandeupande kuelekea kwenye korongo la mawe. Mimi nilikuwa juu na sikuweza kufanya lolote zaidi ya kupiga kelele. Furaha hakungoja. Alipanda kwa kasi mpaka ubavuni mwake, akashuka na kumsukuma mzee kwenye theluji laini. Mashine ya mzee ikageuka ikamlalia Furaha goti.

Mzee hakuumia hata ukucha. Furaha alipasuliwa goti mara mbili.

Sasa nieleze nilichofanya, maana ndicho kilichonikalisha chini kuandika. Kila ajali ina ripoti. Katika ripoti yangu niliandika kwamba mgeni alisimama katikati ya mteremko, na kwamba naibu alianza kupanda kabla mgeni hajafika juu, kinyume cha utaratibu. Kila neno lilikuwa kweli. Mapipa sikuyataja. Nilijiambia namfichia mzee aibu.

Nomsa aliisoma nakala mezani, akavua miwani. "Na mapipa umeyaandika wapi?"

Nilimwambia chai imepoa.

Meneja aliisoma akaona naibu aliyevunja utaratibu. Nafasi ya Kiongozi Mkuu ikatafutiwa mtu kutoka nje. Furaha hakubisha. Alipotoka hospitali alikuja ofisini kwa magongo, akarudisha koti la kazi likiwa limekunjwa vizuri, akaniambia, "Kazi njema, papa." Hilo "papa" lilinifuata majira mazima. Mwaka uliofuata, wiki yangu ya mwisho, nilikwenda kwa Meneja nikaandika ripoti upya, mapipa na yote. Aliisoma mara mbili.

"Ungeniletea hii wakati ule, kiti chako angekirithi yeye," alisema. "Sasa nafasi ina mtu."

Nilimpelekea Furaha nakala. Alijibu kwa neno moja: nimeona.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza kazi hii mna simu zinazoonyesha hali ya hewa saa kwa saa, na hilo ni zuri. Lakini mtu mnayempenda atakuja na kundi lake, naye atataka apitishwe. Mzungusheni mapipa. Anayekupenda atakasirika nusu saa tu.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi ya mjukuu wa Mzee Shomari, Bertrams. Baada ya pilau alianza hadithi yake ya theluji, kama kawaida. "Nilikuwa napanda vizuri! Binti wa Kikongo akaja mbio akanivamia, mashine ikaanguka." Vijana walicheka. Nami hadithi hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi nikiangalia sahani yangu.

"Mzee," nilisema, "ulisimama katikati. Mashine ilikuwa inakupeleka korongoni. Yeye alikutoa, na goti lake likavunjika. Na mimi ndiye niliyekupandisha pale bila kukupima."

Mzee alinigeukia.

"Miaka yote hii umeniacha nimseme vibaya mtoto wa watu?"

"Nilikuonea haya, Mzee."

"Haya! Ungenipeleka bondeni na wanawake, ningenuna mpaka chakula cha mchana, basi!" Alisukuma sahani. "Namba yake unayo?"

Furaha siku hizi ana garaji lake mwenyewe, anatengeneza pikipiki za vijana wanaopeleka vyakula majumbani. Nilimpigia nikampa mzee simu. Alijitambulisha, akasema amekosea, kisha akasikiliza kwa muda mrefu akivua kofia na kuivaa tena. "Ndiyo, mama," alisema. "Ndiyo. Una haki."

Alinirudishia simu ikiwa imeshakatwa.

"Anasema maneno ya kwenye simu hayataki," aliniambia. "Anasema twende sote wawili, tuseme mbele ya mafundi wake. Anafungua saa mbili asubuhi."

Jumatatu, saa moja na nusu, tulikuwa tumeshasimama mbele ya mlango wake uliofungwa, mimi na yeye, tukiangalia njia atakayotokea.