Dole Gumba la Kinyozi

Mume wangu amenyoa shingo za watu miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza mimi wembe ukoje. Aliliuliza dole gumba lake. Anaukunjua, anagusisha makali kwenye ngozi ya dole, basi. Yakishika, yuko tayari. Yakiteleza, anarudi kwenye jiwe la kunolea, halafu kwenye mkanda wa ngozi uliopigiliwa mlangoni.

Mimi kazi yangu ilikuwa taulo. Nilizifua uani nyuma ya kibanda, na nilikuwa na kipimo changu: vitone vyekundu vikizidi vitatu kwenye taulo moja, najua wembe umechoka. Wembe butu huvuta nywele na kuchana ngozi. Namwambia, "Baba, noa." Kwa hilo tu hanibishii, maana kwa mengine ni mbishi huyo, usiombe!

Mwaka huu taulo zikaanza kuja kama za machinjioni. Nikamwambia anoe. Akanoa. Zikaja mbaya zaidi. "Baba, unanoa au unalipapasa jiwe?" Akanoa asubuhi, akanoa mchana, mpaka wembe ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Wateja wakaanza kurusha ngumi. Dereva mmoja alimvunja jino. Fundi viatu alivunja kioo kwa kigoda, na mume wangu, ambaye si mtu wa kupigwa akanyamaza, akamng'ata sikio. Nilimkanda uso kwa maji ya chumvi huku namtukana na kulia, kwa sababu kunyoa ndicho kitu pekee anachokijua duniani, na nilikiona kinamponyoka.

Alhamisi akaja muuza nyama, shingo nene, wa mwisho aliyebaki kati ya wateja wa zamani. Nikasema leo simwachi peke yake. Nikaketi kwenye benchi na taulo zangu mapajani.

Mume wangu akampaka povu. Akaugusa wembe kwa dole. "Butu," akasema. Akaupitisha kwenye jiwe mara kumi, akajaribu tena, akikandamiza. "Bado butu."

"Noa vizuri bwana, usije ukanichuna," muuza nyama akasema, macho kayafumba.

Akakandamiza tena. Nikaiona ngozi ya dole ikifunguka mpaka weupe wa ndani, damu ikamwagika kwenye taulo chini ya kidevu cha mteja. Mume wangu hakukunja hata uso.

"Bado," akasema.

Muuza nyama akafumbua macho, akaona damu kifuani, akajua kachinjwa. Aliruka hadi kiti kikapinduka. Ngumi ya kwanza ilimpata mume wangu puani, ya pili tumboni, kisha akamlaza sakafuni na kumkaba koo kwa mikono miwili. Wembe ulikuwa bado mkononi mwa mume wangu, na nikauona mkono ule unapanda. Niliukanyaga kwa kisigino, kwa uzito wangu wote, nikanyakua beseni la bati na kumtwanga nalo muuza nyama kichwani mpaka akaachia.

"Jishike shingo!" nikapiga kelele. "Umekatwa wapi? Nionyeshe!"

Akajipapasa. Hakuwa na hata mkwaruzo. Akatoka na povu lake usoni, bila kuaga.

Nikamwinua mume wangu, nikalishika lile dole. "Linauma?"

"Nini?"

Nikalibonyeza jeraha kwa ukucha, Mungu anisamehe. Hakushtuka.

"Tangu lini?"

"Vidole vilikufa ganzi mwaka jana," akasema. "Nikasema vitaamka tu."

Kumbe wembe haukuwa butu hata siku moja. Alikuwa anautia makali juu ya makali, nami nyuma yake namhimiza, noa, noa, halafu anauweka kwenye koo za watu kwa mkono usiosikia kitu. Nilipata hofu, kisha hasira, nikamzaba kibao kwa nguvu zangu zote.

Hicho alikisikia. Akakiinua kiti cha wateja, akakikalia, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nikaufuta wembe, nikaukunja, nikautia mfukoni mwangu. Hakuniomba nimrudishie.