Siku Dada Alipofanya Moko

Juzi mwanangu alirudi kutoka shuleni akilalamika kwamba wiki ijayo wana mtihani wa moko, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu, mtaani kwetu Kirumba.

Kwa jirani walikuwa wakikaanga mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara kutoka kiwandani, na harufu ilijaa uani. Dada Nyanzala alikuwa ameondoka asubuhi bila kula, kwa woga wa huo moko. Nikamwuliza baba moko ni nini.

"Ni Kiingereza," alijibu bila kuinua macho kwenye gazeti. "Ni kumdhihaki mtu. Kumcheka."

Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Walimu wanamwitaje mtoto wa watu ili wamcheke kutwa nzima? Nikatoka mbio, pekupeku, juu ya mawe ya moto hadi shuleni. Dirishani nikamwona dada ameinamisha kichwa, mwalimu amesimama karibu yake.

"Msimcheke dada yangu!" nikapiga kelele.

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye. Dada peke yake hakucheka. Aliomba ruhusa, akatoka, akachuchumaa mbele yangu, akanieleza kwamba ule ulikuwa mtihani wa kuigiza tu, wa kujipima kabla ya ule wenyewe. Baba hakukosea, sikujua bado kwamba neno moja huweza kubeba kucheka na kuigiza pamoja.

"Kwa hiyo walikuwa hawakucheki?"

"Walikuwa hawajaanza," alisema, akinifuta machozi kwa pindo la sketi. "Ila sasa najua nina mtu wa kuwanyamazisha."

Akarudi ndani, kichwa juu.