Gitare Lazima Atembelewe

Mukansanga hajawahi kuomba radhi kwa kosa asilolifanya, na kama yuko mtu pale Linden, kaskazini-mashariki mwa jiji la Columbus, anayedai amemsikia akiomba, huyo anatia chumvi. Ni mama wa miaka hamsini na tisa, mfupi, mpole wa sauti, na kanisani hukaa safu ya nyuma. Wakongo wenzake humwita Mama Isaro, kwa jina la binti yake wa pekee. Asiyemjua humdhania mtu wa kuitikia kila kitu. Wale wa mtandao wa kukodisha magari nao walimdhania hivyo, na wamekwisha kujirekebisha.

Mambo yalianzia begani. Kwa miaka saba Mukansanga alipakia viatu kwenye ghala moja, sanduku juu ya sanduku, mpaka bega la kulia likagoma kuinuka. Daktari akamwambia apumzike. Madaktari ni watu wa ajabu, wanasema "pumzika" kana kwamba mwenye nyumba naye atapumzika kudai kodi! Mukansanga akameza dawa na kurudi kazini, lakini moyoni alijua kwamba bega lile halitafika miaka miwili mingine.

Ndipo mdogo wake Ndahiro, anayeishi Cheektowaga karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo, alipompigia simu. Kulikuwa na mzee Mmarekani jirani yake aliyekuwa anauza gari-nyumba, lile gari refu lenye vitanda, jiko na choo ndani, ambalo watu wa huku hulipanda wakaenda kulala porini kwa hiari yao. Hilo la hiari lilimchekesha sana Mukansanga, ambaye aliwahi kulala porini miezi mitatu bila kuulizwa. Ndahiro akamweleza kwamba uko mtandao ambamo mtu wa kawaida huweka picha za gari lake, na mtu mwingine wa kawaida hulikodi kwa siku kadhaa. Likikodiwa vizuri majira yote ya joto, mwenye gari anaweza kuligeuzia ghala kisogo.

Mukansanga akatoa akiba yake yote. Alipoliona lile gari limesimama uani kwa yule mzee, jeupe tangu pua hadi mkia, akalizunguka mara mbili kimya, kisha akalipigapiga ubavuni kwa kiganja.

"Huyu eko Gitare," akasema.

Ndahiro alielewa bila kufafanuliwa. Kwao, kwenye nyanda za juu za Kivu Kusini, Gitare ni jina la ng'ombe mweupe. Wakamleta Gitare mpaka Columbus wakipokezana usukani, na Isaro, binti mwenye miaka ishirini na sita na mwenye kujua mambo ya simu, akampiga picha na kumweka mtandaoni.

Hapa inabidi nieleze jambo moja, maana bila hilo mtamwona mama huyu kichaa, kama wengine walivyomwona. Kule kwao, mtu akiwa na ng'ombe wengi kuliko malisho yake, huwakabidhi wengine kwa mwenzake awachunge. Mchungaji anakunywa maziwa na mwenyewe anabaki mwenye mali. Kisha, siku moja moja, mwenyewe huenda kuwatembelea ng'ombe wake. Haendi kwa ukaguzi wala kwa ugomvi. Anakwenda na kitu mkononi, anakaribishwa, anapiga soga, anampapasa ng'ombe wake mgongoni na kurudi nyumbani. Asipokwenda, mchungaji hujiuliza amemkosea nini.

Basi mteja wa kwanza alikuwa mwanaume wa Louisville mwenye ndevu nyekundu, aliyemchukua Gitare kwa siku saba pamoja na mkewe na watoto wawili. Siku ya pili alimwandikia Isaro kuuliza jinsi ya kuwasha kipasha joto, na kwenye ujumbe huo akataja kambi waliyoegesha, kando ya mto Ohio. Isaro akamjibu na kusahau. Mama yake hakusahau. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa siku yake ya mapumziko, Mukansanga alichemsha chai ya maziwa, akaimimina kwenye chupa, akafunga chapati kumi na mbili kwa taulo safi, na kuendesha gari lake dogo saa tatu na nusu hadi Louisville.

Aliwakuta wamekaa nje wakichoma nyama. Akasalimu, akajitambulisha kwa Kiingereza chake cha ghalani, akaweka chapati mezani. Akamzunguka Gitare polepole, akatazama magurudumu, akanyoosha turubai lililokuwa limekunjamana, akampigapiga ubavuni. Yule mke alikunywa vikombe viwili vya chai na kuuliza viungo vyake. Mwenye ndevu alitabasamu kwa meno tu, huku mkono mmoja umeshika simu. Mukansanga alikaa dakika ishirini, akawatakia heri, akarudi Columbus akiimba nyimbo za kwaya njia nzima. Aliona mambo yamekwenda kama inavyotakiwa.

Wiki iliyofuata Isaro aliingia jikoni na uso uliovimba kwa hasira. Mwenye ndevu alikuwa ametoa nyota mbili kati ya tano, na maelezo: mwenye gari alitokea bila mwaliko, alizungukazunguka akilipapasa gari, familia yake ikajisikia inapelelezwa. Wa mtandao nao walikuwa wamelificha tangazo la Gitare. Lingeonekana tena iwapo tu mwenye gari, kabla ya Ijumaa, angebonyeza kitufe cha kukiri kwamba alikosea na kwamba hatakaribia tena gari likiwa mikononi mwa mteja.

"Bonyeza tu, Mama," Isaro akasema, akimsogezea simu. "Ni sekunde moja."

"Nilikosea nini?"

Isaro akajibu kwa Kiingereza, haraka haraka, neno la faragha likijirudia mara tatu.

"Sema Kiswahili. Nilikosea nini?"

"Mama, hapa bantu hawatembeleanake hivyo! Mutu akilipa, kile kitu ni yake mpaka siku zake ziishe."

"Ni yake kutumia. Haiko yake." Mukansanga akarudisha simu upande wa pili wa meza. "Bon. Mi sibonyeze."

Isaro alilia kwa hasira, na hatumlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa akimkanda mama yake bega kila jioni. Alijua kwamba bila lile tangazo hakuna majira ya joto, na bila majira ya joto ni ghala mpaka bega liishe kabisa. Akafanya kama wafanyavyo watoto wa wazazi wabishi: akamwita mchungaji wa kanisa.

Mchungaji Rurangwa alikuja Jumatano na Biblia yake, akala vizuri, kisha akaanza kuzungusha maneno. Akasema unyenyekevu ni jambo jema. Akasema nchi hii imetupokea, na mgeni hufuata taratibu za mwenyeji.

"Pasta," Mukansanga akasema, "nafwata taratibu. Nalipa kodi, nasimama kwenye taa nyekundu hata kama barabara haina mutu. Lakini hapa banataka niseme kama kutembelea ni mubaya. Nikisema hivyo, ni uongo. Donc, unanituma niseme uongo?"

Mchungaji akaangalia sahani yake. Isaro, aliyekuwa ameegemea friji, akauliza swali ambalo, ajabu, hakuwahi kuuliza maishani mwake.

"Lakini juu ya nini unakazaka hivi, Mama? Ni motuka tu."

Mukansanga akasogeza sahani yake pembeni. Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti. Baba yake alikuwa na ng'ombe kumi na wanne kwa rafiki yake, ng'ambo ya bonde. Kila baada ya majuma machache alikwenda kuwaona, na yeye Mukansanga, akiwa msichana, alimfuata akibeba zawadi. Mwaka ule vita vilipokaribia, watu walianza kumwambia baba yake kwamba njia si nzuri, ngoja kidogo, ngoja mwezi ujao. Akangoja. Yule rafiki naye akasikia kwamba wao wameshakimbia, ng'ombe hawana mwenyewe tena. Watu wenye bunduki walipokuja kuuliza ni ng'ombe wa nani, alijibu hajui. Wakawaswaga wote kumi na wanne, na wa kwanza kutoka zizini alikuwa Gitare.

"Baba yangu hakulilia ngombe," akasema. "Alililia kwamba hakuenda. Mpaka anakufa, kule kambi ya wakimbizi, alikuwa anasema: ningeenda ile mwezi. Mi niliapa. Kitu yangu ikiwa kwa mutu, nitaenda niione, na ule mutu ataniona."

Mchungaji Rurangwa alichukua Biblia ambayo hata hakuwa ameifungua, akaomba sala fupi na kuaga. Mlangoni akamwambia Isaro kwa sauti ya chini amwache mama yake.

Ijumaa mtandao ulipiga simu wenyewe. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole wa kulipwa, na pamoja naye alikuwa mkalimani, Mtanzania kwa lafudhi yake.

"Shikamoo mama," mkalimani akaanza.

Kwao Mukansanga salamu hiyo si ya kila siku, lakini aliipenda. "Marahaba, mwanangu."

"Mama, wanauliza kama unakubali kukiri kosa ili tangazo lako lirudishwe."

"Uwaambie hivi, na usipunguze hata neno. Sikubali. Sikuiba, sikutukana, sikuingia mu gari yao. Nilipeleka chai. Ule mubaba angesema hataki, ningerudi. Hakusema, alicheka na miye, kisha akaenda kuandika."

Mkalimani akakohoa kidogo, akatafsiri. Isaro, anayeelewa lugha zote mbili, anasema hakupunguza hata neno, na kwamba pale penye chai alikaza sauti kidogo. Yule mwanamke akajibu maneno mengi.

"Mama, anasema sheria yao ni kwamba mteja asishtukizwe. Mwenye gari hawezi kwenda bila mteja kukubali kwanza, kwa maandishi."

Mukansanga akakaa wima. "Ahaa! Kumbe akikubali kwa maandishi naweza?"

Upande wa pili zikasikika karatasi zikifunuliwa. Kisha mwanamke akasema ndiyo, mteja akikubali kabla, hakuna sheria inayovunjwa.

"Basi aandike pale juu kabisa, si kule chini kwa maandishi ya sisimizi. Aandike: mwenye gari anakuja mara moja, mchana, na chai. Asiyetaka, kuko magari mingine mingi. Kwa hiyo sheria natia sahihi leo, maana hiyo ni ya haki. Ya kukiri kosa, hapana."

Mkalimani akatafsiri, akasikiliza, akashusha pumzi. "Wamekubali mama. Ila anakuonya, nyota zako mbili zitabaki, na kwa sharti kama hilo atapatikana mtu mmoja kwa mia."

"Huyo mumoja ndiye wangu," Mukansanga akasema, na kumshukuru mkalimani kwa jina la Bwana.

Ningependa kuwaambia kwamba wateja walimiminika. Hawakumiminika. Mei ikapita, Juni ikapita. Wa ghalani wakaanza kumtania, wakimuuliza kama ng'ombe wake wa bati ameshika mimba. Ndahiro alipiga simu kutoka Cheektowaga akipendekeza, kwa kuzungukazunguka, kwamba gari liuzwe. Isaro aliendelea kumkanda bega kila jioni bila kulitaja gari, na hilo liliuma kuliko yote. Kila Jumamosi Mukansanga alitoka na ndoo na kumwosha Gitare kwa mkono wa kushoto, tangu pua hadi mkia, majirani wakimtazama. Usiku bega lilimwamsha. Aliogopa, tena sana, na tusimpambe hapa kwa ushujaa asiokuwa nao. Aliogopa, na bado hakuigusa ile simu.

Katikati ya Julai, saa ya mapumziko ya chakula, simu ilitetemeka mfukoni mwake. Ilikuwa sauti ya Isaro, amerekodi ujumbe aliopokea na kuutafsiri mwenyewe, akisitasita. Mwanamke wa Riverside, kule Buffalo mtaa wa kando ya mto Niagara, alitaka kumchukua Gitare kwa Agosti nzima. Kazi yake ni uuguzi, na angemwegesha kando ya ziwa kwa ajili ya mama yake, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye hawezi tena ngazi za nyumba. Pale palipoulizwa kama anakubali ziara ya mwenye gari, alikuwa ameandika: "Ndiyo. Hii ndiyo sababu nimechagua gari hili. Mimi nitakuwa kazini mchana, na mama yangu hakuna anayemtembelea. Tafadhali aje. Kama anaweza, aje hata mara nne."

Mukansanga alisikiliza mara mbili. Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya watu na viatu, na hakuyafuta. Alikuwa akimfikiria baba yake, na mwezi ule ambao hakwenda.

Kisha akavua glavu, akaenda hadi kwenye meza ya msimamizi, kijana mwenye kibao cha kuandikia, akamwambia kwa Kiingereza chake cha ghalani kwamba Jumanne nne za Agosti hatakuja. Ana ng'ombe wa kumtembelea, Buffalo.

Msimamizi akaangalia karatasi yake. Akamuuliza kama ni ugonjwa au dharura ya familia, maana fomu ilikuwa na visanduku viwili tu.

"Chora cha tatu," Mukansanga akasema, na kwenda kumpigia Isaro amnunulie majani ya chai.