Picha Zilizonakiliwa Kabla ya Stima Kupotea

Mama alitutoka kabla simu za nyumbani kwetu hazijawa na kamera. Picha zake chache zilizosafishwa zilikuwa kwenye albamu kwa baba, nje kidogo ya Kendu Bay. Ziwa lilipofurika na maji yakaingia mpaka chumbani, albamu ililowa pamoja na magodoro. Baba aliianika juani. Picha zikashikana, na alipojaribu kuzibandua, uso ulibaki kwenye karatasi moja na gauni kwenye nyingine.

Zilizosalia zilikuwa kwenye kompyuta yangu. Zamani nilikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi hapa mjini Suna. Desemba moja niliazima kamera ya mteja, nikaenda nyumbani, nikampiga mama picha kutwa nzima: akipepeta mtama, akifukuza mbuzi kwenye mboga, akinikaripia kwamba ninamaliza betri ya mwenye kamera. Nikazihifadhi kwenye kompyuta ya dukani. Biashara ilipokwisha, nilihamishia kompyuta nyumbani kwangu, nikaifunika kitambaa.

Baada ya mafuriko baba alianza kunipigia simu. "Nyathina," alikuwa akisema, yaani mwanangu, "mama yako bado yuko huko?"

"Yuko, baba."

Siku niliyoiwasha ili nimtoe, kompyuta iligonga ndani kama kuku anayedonoa sahani ya bati. Kioo kikabaki cheusi. Fundi wa hapa mjini aliinamisha sikio, akasikiliza, akakataa kuifungua. Akanielekeza kwa mama mmoja wa Homa Bay anayeshughulika na diski zilizokufa. Nikaifunga kwa leso mbili, nikaenda nayo. Baba alinipokea stendi akiwa amevaa koti lake la kanisani, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa wodini.

Fundi huyo wa Homa Bay alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye miwani na sauti ya chini. Aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, na ule mdonoo ukaanza tena.

"Inasoma," alisema, "halafu inakwama, halafu inasoma. Kila nikiizima sijui kama itaamka. Kwa hiyo nitaiacha inakili kila kitu mpaka ifike mwisho."

"Anza na picha za mama yangu," nikamwambia.

"Dada, siwezi kuchagua. Nikiirusharusha huku na kule nitaimaliza. Itatoa kwa mpangilio wake yenyewe."

Tukaketi. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani uliokua kidogo, ukasimama, ukakua tena. Baba aliuliza huo mstari ni nini, nikamwambia ni kazi inavyokwenda. Tangu hapo hakuuacha kwa macho. Ulipokuwa ukisimama, naye alikuwa akiacha kutafuna njugu alizonunua stendi.

Ilikuwa Ijumaa. Jua lilipoanza kushuka, fundi alitazama nje, akaanza kufunga madirisha. Alikuwa Msabato kama sisi, na Sabato huingia Ijumaa jua likizama.

"Mzee, mimi nafunga," alimwambia baba. "Lakini hii siizimi. Sijui kama nakosea."

Baba alifikiri. "Nyara," akamwita, yaani binti yangu, "hata jokofu halizimwi Sabato. Iache."

Mimi nilitaka kubaki mle ndani. Niliuliza je, stima ikipotea? Fundi akanionyesha sanduku la betri chini ya meza, akasema limechoka, linashikilia muda mfupi tu. Nilimgeukia baba anisaidie kumbembeleza. Yeye alikuwa ameshachukua kofia. Fundi akafunga kufuli, na nikiwa barabarani bado niliusikia ule mdonoo, au nilidhani ninausikia.

Asubuhi tulikwenda kanisani pale mjini. Fundi alikuwa mbele, kwaya ya akina mama. Alinipungia mkono, akasema "Sabato njema" kwa midomo tu. Mhubiri alikuwa katikati ya sentensi sauti yake ilipokatika. Feni zikapunguza mwendo, zikasimama. Watu waliguna, kisha mhubiri akapaza sauti na kuendelea bila kipaza sauti. Kwake lilikuwa jambo la kawaida.

Nilimtazama fundi. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka kusimama nikakimbie, lakini nikimbie niende wapi? Hata angenipa ufunguo, ningefanya nini mle dukani, niipulizie pumzi? Baba alinishika kifundo cha mkono, akakikaza, na hakukiachia mpaka sala ya mwisho. Nje, jenereta ya kanisa iliwashwa. Sauti ya mhubiri ikarudi, kubwa mno.

Stima ilirudi usiku wa manane, na Jumapili asubuhi fundi alitufungulia. Aliiwasha diski. Ikadonoa kidogo, ikanyamaza. Akajaribu tena, akaigeuza, akabadilisha waya. Kimya.

"Imekwenda," alisema. "Tuone ilichotuachia."

Ilichotuachia kilikuwa kazi za dukani. Kadi za harusi za watu. Picha za pasipoti za wanafunzi. Halafu vijitabu vya mazishi, vingi, kila kimoja na picha ya marehemu kwenye jalada, nyuso nilizozisafisha mwenyewe kwa uangalifu ili zitoke vizuri.

"Hawa ni akina nani?" baba aliuliza.

"Ni mama za watu, baba."

Aliwatazama mmoja mmoja bila kuharakisha. "Na wetu?"

Fundi alimpata mwishoni kabisa. Faili ya mwanzo ilifunguka nusu: paa la mabati, ncha ya mwembe, kitambaa cha kichwani cha mama na paji la uso wake. Chini ya hapo, rangi ya kijivu. Zilizofuata hazikufunguka.

"Naweza kuikata hii sehemu ya kijivu," fundi alisema taratibu, "ibaki picha safi."

"Usikate," baba akasema. "Unaweza kumkata na yeye."

Akaichapa vile vile. Baba aliiweka ndani ya Biblia, akamshukuru fundi, "Erokamano, nyara."

Wiki iliyofuata nilimpigia mwanamke mmoja wa Awendo ambaye nilimchapishia kijitabu cha mazishi ya mama yake. Nilimwambia nina picha ya mama yake, nzima. Akalia, alikuwa hana hata moja, simu yake ya zamani iliibiwa. Nilimtumia hapo hapo. Akanishukuru, akaniombea baraka, akauliza kama mama yangu hajambo. Nikamwambia ametangulia. Kisha salio langu likaisha, simu ikakatika.